Homa ya nguruwe: fedha ya sindano ipeleke langoni

Krismasi inapokaribia, biashara ya nguruwe hapa Uganda huchemka kuanzia Masaka hadi Gulu, na homa ya nguruwe ya Afrika husafiri pamoja nayo. Dalali hupita na bodaboda ua baada ya ua, anashika mgongo wa nguruwe kupima mnofu, anataja bei, anaendelea na safari. Siku chache baadaye nguruwe wanaacha kula, na majirani wanaanza kusema ugonjwa umeletwa na upepo. Ukifuatilia vizuri utakuta umeletwa na viatu, kamba, gunia la chakula, dume wa kuazima, au nyama iliyonunuliwa kwa bei ya kutupa.

Nasisitiza hili kwa sababu fedha nyingi za wafugaji wetu zinakwenda kwenye sindano, na sindano haizuii wala haitibu homa hii. Kirusi chake kilielezwa kisayansi kwa mara ya kwanza hapo jirani, Kenya, mwaka 1921. Zaidi ya miaka 100 imepita na dawa ya kukitibu haijapatikana. Chanjo zilizoruhusiwa Vietnam zilitengenezwa kwa ajili ya aina ya pili ya kirusi, ile iliyoingia Georgia mwaka 2007 kisha ikaenea Ulaya na Asia. Kwetu Uganda aina inayotawala ni ya tisa. Kwa hiyo mtu akikujia na chupa akisema ni chanjo ya homa ya nguruwe, mshukuru na umfungie lango. Oksitetrasaiklini inaua bakteria, virusi haivigusi. Tena sindano moja inayochoma nguruwe watano mfululizo ndiyo njia ya uhakika kabisa ya kuhamisha ugonjwa, maana damu ya nguruwe mgonjwa imejaa virusi kiasi kwamba tone moja hubeba mamilioni. Daktari wa mifugo akija kwa kazi nyingine, kama vile kutoa dawa ya minyoo au madini ya chuma kwa watoto wachanga, mwambie bila aibu kwamba kila nguruwe apate sindano yake, au sindano zichemshwe dakika 20 kabla ya kutumika tena.

Binadamu haambukizwi. Anayekula mchomo wa nguruwe mgonjwa hatapata homa hii, na hapo ndipo hatari inapojificha. Kwa kuwa hakuna mtu anayeugua, nyama inauzwa, mifupa inatupwa, maji ya kuoshea nyama yanamwagwa, mbwa wanabeba mabaki, na kirusi kinafika kwenye banda la tatu kabla mizoga ya banda la kwanza haijafukiwa. Kirusi hiki ni kigumu. Katika damu iliyowekwa kwenye baridi ya nyuzi 4 kimewahi kuishi mwaka mmoja na nusu. Katika nyama iliyogandishwa kinaishi miaka. Hata nyama iliyokaushwa au kutiwa chumvi hukitunza kwa miezi.

Ngiri nao hutajwa sana, na ni kweli kwamba ngiri wa mbugani, kama wale wa Lake Mburo na Murchison Falls, hubeba kirusi bila kuugua. Huambukizwa wakiwa wadogo ndani ya mashimo yao kwa kuumwa na kupe laini. Huyu si yule kupe anayening'inia kwenye sikio la ng'ombe siku nzima. Hujificha kwenye nyufa, hutoka usiku, hunyonya kwa muda mfupi na kurudi mafichoni. Ngiri mkubwa ana virusi vichache mno kwenye damu, kwa hiyo ni nadra amwambukize nguruwe wako moja kwa moja bila kupe huyo. Ukiishi pembezoni mwa mbuga, ziba nyufa za kuta na sakafu, usilete kichwa wala ngozi ya ngiri nyumbani, na usiwape nguruwe matumbo ya mnyama wa porini. Lakini kwa mfugaji wa Mukono, Kamuli au Wakiso, adui aliye karibu zaidi ni nguruwe wa jirani na watu wanaozunguka kati ya mabanda.

Lango na viatu

Anza kwa kuwafungia. Nguruwe anayezurura, au anayefungwa kamba chini ya mwembe kando ya njia, huna namna ya kumlinda. Huko kaskazini desturi ni kuwaachia baada ya mavuno, na huo ndio msimu ambao kundi moja hugusana na kijiji kizima. Banda la miti lenye paa la nyasi linatosha kabisa, mradi nguruwe hawatoki na nguruwe wengine hawawafikii. Kuzunguka banda weka uzio wa pili, hata wa mianzi au miiba, umbali wa mita 2 au 3 kutoka ukuta, ili nguruwe wa nje wasigusane pua na wako. Acha mlango mmoja tu, wenye kufuli.

Ndani ya mlango huo weka mabuti ya mpira na koti la kazi ambavyo havitoki nje hata siku moja. Nguvu ya ulinzi iko hapo kuliko kwenye beseni la dawa. Beseni nalo liwepo, ila wengi hulitumia vibaya. Wanamimina jiki kidogo kwenye maji, mvua inaongeza maji, jua linaua klorini, mtu anachovya kiatu chenye tope la samadi kwa sekunde mbili, kisha anaingia akiamini yuko salama. Tope na samadi humaliza nguvu ya dawa kabla haijafika kwenye kirusi. Panga mabeseni mawili. La kwanza liwe la maji, sabuni na brashi ya kusugulia soli mpaka zing'ae. La pili liwe la dawa. Ukitumia jiki ya dukani yenye asilimia 3.5, changanya kikombe 1 kwa vikombe 6 vya maji, upate asilimia 0.5. Badilisha kila asubuhi, na tena mara tu maji yakichafuka. Liwekee kipaa kidogo. Ukipata Virkon, dawa ya unga ya kuua virusi, gramu 100 kwa maji lita 10 zinatosha, nayo huvumilia uchafu zaidi kidogo kuliko jiki. Vifaa kama koleo, ndoo na kamba vilowe nusu saa nzima.

Mgeni asiye na kazi bandani asiingie. Najua ni vigumu kumzuia shemeji aliyetoka mbali na anataka kuona mifugo, lakini mpeleke kwenye uzio atazame kutoka hapo. Mgeni aliye na kazi, akiwemo daktari, avae mabuti yako, aoshe mikono kwa sabuni, na kama asubuhi ile ametoka kwenye banda lenye vifo aje siku nyingine baada ya kuoga na kubadili nguo. Daktari mwenye kuijua kazi yake hatakasirika.

Chakula

Mabaki ya hotelini ni rahisi na yananenepesha, na ndiyo sababu homa huingia kwenye mabanda ya mijini. Sahani moja ya mchomo ulioiva nusu inatosha. Ushauri wangu ni kuyaacha kabisa. Kwa asiyeweza kuyaacha, ayachemshe yakitokota kwa saa nzima huku akikoroga, kwa sababu kipande kikubwa cha nyama katikati ya uji mzito hubaki baridi muda mrefu kuliko maji yanayochemka pembeni. Ndoo ya mabaki mabichi isiwahi kubeba chakula kilichoiva. Kosa hili linafuta kazi yote ya kuni: mtu anachemsha vizuri, kisha anapakua kwa ndoo ileile aliyotoka nayo mjini.

Majani ya viazi vitamu na maganda ya matoke huonekana hayana hatia, na mengi ni safi. Angalia yametoka wapi. Shamba ambalo nguruwe wa watu huzurura, bonde ambalo watu hutupia mizoga, na jalala la karibu na machinjio si mahali pa kukata majani. Machicha ya bia yamekwisha pikwa, lakini gunia lililoyabeba huenda jana lilibeba nguruwe. Nunua magunia yako, yape alama, na usikubali kubadilishana.

Dume

Dume mmoja wa kukodisha akitembea vijiji vitatu kwa wiki ameunganisha mabanda yote hayo kuwa banda moja. Kama mko jirani kumi wenye majike mawili matatu kila mmoja, afadhali mchange mnunue dume wenu, akae mahali pamoja, asipande jike wa nje ya kundi. Jike anayepelekwa kwake awe mzima, joto lake limepimwa asubuhi hiyo, na nyumbani kwao hakuna aliyeacha kula kwa wiki tatu zilizopita.

Njia iliyo bora zaidi ni kupandikiza mbegu kwa mrija. Jike hurudi joto kila baada ya siku 21 hivi. Ukimbonyeza mgongoni akasimama imara na masikio yamenyooka, pandikiza saa 12 baadaye, rudia baada ya saa nyingine 12. Chupa ya mililita 80 hadi 100 hutunzwa kwenye nyuzi 15 hadi 18. Wengi huiweka kwenye friji au juu ya barafu, mbegu zinakufa, kisha wanasema njia hii ni ya wazungu. Tumia kisanduku cha kutunzia baridi chenye chupa ya maji ya mtungini, barafu isiguse mbegu. Na uliza dume aliyetoa mbegu anatunzwa wapi, kwa sababu kirusi kinaweza kupita kwenye mbegu pia.

Kuuza bila kumwingiza mnunuzi

Mnunuzi anataka kuingia kwa sababu anataka kukadiria uzito. Mwondolee sababu hiyo. Chukua futi kamba ya fundi cherehani. Nguruwe akiwa amesimama kichwa sawa, pima mzingo wa kifua nyuma tu ya miguu ya mbele, kisha urefu kutoka katikati ya masikio hadi mwanzo wa mkia, vyote kwa mita. Zidisha mzingo mara mzingo, mara urefu, mara 69.3. Nguruwe mwenye mzingo wa mita 1.00 na urefu wa 0.90 ana karibu kilo 62. Ni makadirio, na nguruwe wa kienyeji mwembamba anaweza kupishana nayo, lakini yanazidi kabisa jicho la dalali, na mara nyingi mfugaji ndiye anayegundua kwamba alikuwa akipunjwa.

Jenga kizimba kidogo cha kupakilia nje ya uzio, kando ya barabara. Nguruwe aliyeuzwa hupelekwa huko na mtu wa nyumbani, kamba ya nyumbani hufunguliwa, ya mnunuzi hufungwa. Nguruwe aliyetoka kwenda mnadani au machinjio ya nguruwe ya Nalukolongo, Kampala, na bei ikashindikana asirudi bandani. Akirudi, anahesabiwa kama mgeni.

Mgeni hukaa peke yake siku 30, mbali na wengine, ana ndoo yake na koleo lake, na hulishwa mwisho baada ya wote. Dalili huweza kuchelewa hadi siku 19 tangu kuambukizwa, kwa hiyo wiki moja ya kumtazama haina maana yoyote.

Saa za kwanza

Nguruwe mzima ana joto la nyuzi 38.5 hadi 39.5. Homa hii humpandisha hadi 40.5, hata 42. Nunua kipimajoto, kitie mafuta kidogo, kiingize kwenye tundu la haja kubwa kwa dakika 2, kioshe kwa sabuni na dawa kabla ya nguruwe anayefuata. Nguruwe wanajikusanya pamoja hata jua likiwaka, wanaacha kula, wanatembea wakiyumba. Masikio, tumbo na miguu huwa mekundu kisha ya zambarau, ingawa kwenye ngozi nyeusi hutaiona rangi hiyo. Wengine hutapika au kuhara damu. Jike mwenye mimba huitoa. Wengi hufa ndani ya siku 6 hadi 13, na wapo wanaokutwa wamekufa asubuhi bila dalili yoyote jioni yake.

Ugonjwa unaochanganywa nayo mara nyingi ni erisipela, ambayo nayo huleta homa kali na ngozi nyekundu. Alama zake huwa na umbo la almasi zilizoinuka kidogo, na penisilini humwinua mgonjwa ndani ya siku moja au mbili. Sumu, joto kali na salmonela pia huua haraka. Jibu la kweli hutoka maabara. Daktari huchukua damu kwenye kichupa chenye dawa ya kuzuia isigande, kile cha kifuniko cha zambarau, huiweka kwenye kisanduku cha barafu, na hupelekwa maabara ya wizara iliyoko Entebbe au chuo cha tiba ya mifugo Makerere. Usimpasue nguruwe ili utazame bandama. Ni kweli bandama huwa kubwa, nyeusi na laini kama matope, na tezi za tumboni hufanana na madonge ya damu, lakini ukishaifungua ile damu uani umepanda ugonjwa kwenye udongo wako.

Mpigie mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na ofisa mifugo siku hiyohiyo. Funga lango, asitoke nguruwe, nyama, samadi wala jembe. Na hapa naomba kusema waziwazi: mama aliyetegemea nguruwe wanne kulipa karo ya shule anapoona wawili wamelala, na hana fidia ya kutegemea, atashawishika kuwauza waliobaki usiku huo kwa nusu ya bei. Simlaumu. Lakini uuzaji huo wa haraka ndio unaochoma kata nzima, na wanaonunua wanajua wanachonunua. Kikundi cha wafugaji kinachoweka akiba ndogo kila mwezi kwa ajili ya siku hiyo hufanya kazi kubwa kuliko onyo la redioni, maana kinampa mwanachama uwezo wa kukataa.

Mizoga ifukiwe palepale karibu na banda, isiburutwe barabarani. Shimo liwe na kina cha mita 2, mbali na kisima na mkondo wa maji, na udongo juu ya mzoga usipungue mita 1. Chokaa iende juu ya tabaka la udongo ili kufukuza mbwa na wanyama wanaochimba. Ukiimwaga moja kwa moja juu ya mzoga inachelewesha kuoza. Funika kwa matawi ya miiba, na mlinde kaburi usiku wa kwanza, kwa sababu watu huja kufukua nyama.

Kusafisha na kuanza tena

Wafugaji wa kulungu Marekani wana ugonjwa wao wa kudhoofika, ulioonekana kwanza Colorado mwaka 1967. Unasababishwa na protini iliyopinda ambayo kuchemsha hakuimalizi na ambayo hukaa kwenye udongo kwa miaka, hivyo shamba lililochafuka karibu halitakasiki tena. Norwei ilipoukuta kwa reindia wa porini mwaka 2016 iliishia kuua kundi zima la zaidi ya 2,000. Ninataja hilo ili mfugaji wetu aliyepoteza kila kitu asikate tamaa na banda lake: kirusi chetu kinakufa. Nyuzi 60 kwa dakika 20 zinakiua. Sabuni, ukavu na dawa iliyopimwa vizuri vinakiua.

Kwanza lowesha kila kitu kwa dawa ili vumbi lisiruke. Toa samadi na matandiko, uvifukie au uvichome. Mbao laini zilizooza na vihori vya magogo havisafishiki, vichome. Sakafu ya udongo ichimbwe sentimita 10 hadi 15, udongo ufukiwe, na chokaa inyunyizwe kabla ya kujaza mpya. Saruji isuguliwe kwa maji ya moto na sabuni mpaka rangi yake ya asili ionekane, isuuzwe, ikauke. Ndipo unamwaga soda kali (caustic soda): gramu 200 kwa maji lita 10, karibu lita 1 kwa kila mita ya mraba. Tia soda kwenye maji polepole, kamwe usimwage maji juu ya soda, maana hulipuka na kuunguza macho. Vaa glavu na miwani, na ondoa sufuria na vyombo vya aluminiamu kwa sababu inavila. Iache saa nzima, suuza, rudia baada ya siku 7.

Banda likae tupu siku 40 kuanzia usafi wa mara ya pili. Watu hukimbilia kurudisha nguruwe wiki ya pili kwa kuwa watoto wa nguruwe wameshuka bei, na bei hiyo imeshuka kwa sababu wanaouza wanakimbia vifo. Siku 40 zikitimia, weka wachache wa majaribio, wawili kwa banda la nguruwe 20, kutoka shamba moja unalolijua, waliopitia zile siku 30 za upweke. Waachie watembee kila chumba, wanuse kila kona, na pima joto lao kila asubuhi kwa wiki 6 ukiandika kwenye daftari. Mmoja akipita nyuzi 40, mwite daktari achukue damu kabla ya kitu kingine chochote, na jibu likiwa ni homa, usafi unaanza upya na siku 40 zinahesabiwa tena kutoka mwanzo.